Bei ya Kopo la Mbege

Kabla hajakujazia kopo alikuwa anakuuliza umekula nini. Si kama umekula, umekula nini. Ukijibu wali, anauliza wali na nini. Ukibabaika anakuonyesha kwa kidevu muuza mihogo ya kukaanga aliyekaa nje ya geti, na hata uwe na pesa mkononi, kopo hulipati mpaka urudi unatafuna. Nimewaona watu wazima, wengine wana wajukuu, wakiingia pale getini mashavu yamejaa mihogo ili tu aone.

Sie wateja wake tulimwita Mama Muuza. Jina lake halisi nilikuja kuliona baadaye sana kwenye kadi ya mchango wa harusi, na hata baada ya kulijua sikuwahi kulitumia. Alikuwa anapika mbege, ile pombe ya Wachaga ya ndizi na ulezi, uwanjani kwake huku Kimara, ndani kabisa, ambako ukishashuka barabara ya Morogoro unapanda kilima kwa miguu kama dakika ishirini na shati linaloa mgongoni. Nilikuwa mteja wake kwa miaka kumi na minne. Mie si Mchaga. Alinipeleka rafiki yangu Klemensi, mchongaji wa vinyago, Mmakonde wa Newala, ambaye naye alipelekwa na mtu mwingine.

"Twende kwa mama mmoja," Klemensi aliniambia. "Pombe yake haiumi kichwa, na ukimletea fujo anakupiga na ufagio."

Yote mawili niliyathibitisha. Ufagio niliuona ukifanya kazi mwezi wa kwanza tu. Jamaa mmoja alimtukana mwenzake mama yake, Mama Muuza akamfagia miguuni kama takataka kutoka kwenye benchi mpaka nje ya geti. Alifungua Jumamosi na Jumapili tu, Jumapili baada ya misa, na saa kumi na mbili jioni alikuwa anakusanya makopo, uwe umemaliza au hujamaliza. Aliyelalamika aliambiwa, "Mie nauza pombe, siuzi ulevi. Ulevi wanauza huko bondeni."

Yeye mwenyewe hakuwa akinywa. Kuonja alionja kwa kidole, akakilamba, akatazama juu kidogo kama mtu anayesikiliza mlango unagongwa, basi. Harufu ya mlevi aliichukia kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, pamoja na mke wangu. Nilimuuliza mara moja inakuwaje mtu aishi kwa kitu ambacho hakipendi. Akasema, "Nani kakwambia sikipendi? Nakipenda kikiwa kwenye pipa. Kikishaingia ndani yenu ndiyo sikipendi."

Kanisani alikuwa mwanakwaya. Ikafika siku akaitwa na wazee wa kanisa, akaambiwa achague kati ya kwaya na mapipa. Hakubishana nao. Sare ya kwaya aliifua, akaipiga pasi, akairudisha imekunjwa vizuri ndani ya mfuko. Jumapili iliyofuata alikwenda na gauni lake la kawaida, akakaa benchi la mwisho, akaimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya nzima. Waliokuwepo walisema mwalimu wa kwaya alikuwa anageuka nyuma kila ubeti. Aliendelea hivyo miaka yote, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

Tusije tukamfanya malaika. Alikuwa na mdomo. Akikuona umenenepa anakwambia, ukikonda anakwambia, mkeo akikuacha anakwambia sababu. Kuomba radhi hakujua. Siku moja alimsingizia muuza mihogo kuwa amemwibia kisu, akamtangaza mtaa mzima, na kisu kilipoonekana chini ya gunia la ulezi hakusema kitu. Alinunua tu mihogo yote ya siku ile, akatugawia bure sie tuliokuwa tumekaa, akatuangalia kwa hasira mpaka tukaimaliza. Muuza mihogo alisema afadhali angeombwa radhi tu, maana siku ile alikosa cha kuwauzia wateja wake wengine.

Lakini ninalo jambo ambalo sitalisahau. Mtoto wangu Neema alipokuwa na miaka mitatu alilazwa na homa kali, hali ikawa mbaya. Jumamosi ile mke wangu alikuwa wodini naye, mie nimefukuzwa kwa sababu muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umekwisha. Miguu ikanipeleka kwa Mama Muuza. Nikakaa, nikaomba kopo. Alinitazama sana.

"Umekula nini?"

"Nimekula, Mama."

Hakuuliza tena. Aliingia ndani, akatoka na bakuli la uji wa ulezi, ulezi uleule wa kupikia pombe, akaweka sukari mbele yangu. Wenzangu wakanywa, mie nikanywa uji. Nilipomaliza akavaa kanda mbili, akanisindikiza mpaka barabarani, kilima chote kile, na uwanja akawaachia walevi peke yao, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Njiani hakunipa maneno ya faraja. Alikuwa ananiambia bei za ndizi.

Bei za ndizi alizijua kwa sababu alizifuata mwenyewe soko la Mabibo. Alichagua mkungu kwa mkungu, akibonyeza na kunusa, mpaka wauzaji wakimwona anakuja wanaguna. Ndizi zikishaiva sawasawa alizichemsha mpaka zikawa na rangi ya matofali, akaziacha zichachuke siku kadhaa kwenye mapipa ya plastiki ya bluu. Ulezi aliuotesha chini ya gunia lililoloweshwa, akauanika, akausaga, akaupika uji, ndipo akachanganya. Mwisho alitia magome machungu ya msesewe, aliyotumiwa kwa basi kutoka Moshi yamefungwa kwenye gazeti. Hapo ndipo ulipokuwa mkono wake. Wapishi wengine wanajaza magome, uchungu unakupiga ukigusa tu mdomo. Uchungu wake ulikuja ukishameza, nyuma ya ulimi, taratibu, na ulikuwa unakaa muda mrefu kidogo kuliko ulivyotegemea.

Kuna Jumamosi aligundua kwamba ulezi uliingia ukungu. Tulikuwa tumekaa, makopo mkononi. Alilamba kidole, akatazama juu, akalamba tena. Halafu akaanza kupindua mapipa. Matatu yote. Kazi ya wiki nzima ikawa inateremka uwanjani, ikapita chini ya benchi, ikatoka getini, kuku wakaifuata. Klemensi aliinama akatega kopo kwenye ule mfereji, huku anacheka. Mama Muuza akalipiga teke kopo likaruka.

"Ukifa na kopo langu mkononi," alimwambia, "nitawaambia nini watu wa Newala?"

Wiki ile hakuuza kitu. Sijui alikula nini.

Sasa niseme habari ya bei, maana ndiyo iliyotutenganisha.

Nilipoanza kwenda, kopo la lita moja lilikuwa shilingi mia tano. Likapanda likawa mia saba, likawa mia nane, likawa elfu moja. Kila alipopandisha alisimama katikati ya uwanja akatueleza: ulezi umepanda, ndizi zimepanda, kuni ndiyo usiseme, basi limeongeza nauli ya mzigo. Tulinung'unika, tukalipa, tukanywa. Wapishi wengine wa Kimara hawakupandisha. Walipunguza ulezi wakaongeza maji, wakatia sukari ili ichachuke haraka, na wengine walitia vitu ambavyo sitaki kuvisema. Kwao kopo lilibaki mia nane.

Kisha ukaja mwaka ule ambao kila kitu kilipanda pamoja. Jumamosi moja Mama Muuza akasimama, akasema, "Kuanzia leo, elfu moja mia tano."

Ningependa kusema aliyesimama kumjibu alikuwa mtu mwingine. Alikuwa mie. Nilikuwa na kazi, mtunza stoo kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi pale Ubungo, na miongoni mwa wateja wake nilionekana msomi. Watu walikuwa wanapenda niseme.

"Mama, sasa huku ni kutukamua."

"Nimekukamua nini, Baba Neema?"

"Hii ni pombe ya kienyeji. Haina chupa, haina lebo, haina baridi. Nikiongeza mia tano juu ya bei yako napata bia ya kiwandani."

"Lebo unainywa?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kiliniuma, nikiri, kuliko hata hiyo mia tano. Alianza kueleza kama kawaida yake, mkungu sasa ni kiasi fulani, debe la ulezi ni kiasi fulani, mie nikamkata kauli. Nikamwambia sie siyo mabwana shamba, bei ya ulezi haituhusu. Mtu wa nyuma akadakia, "Tia sukari kama wenzako, Mama, tumalize!"

"Sukari sitii," akasema. "Na maji sitii. Anayetaka maji, bomba lile pale."

"Basi kunywa mwenyewe," nikasema. Nikaweka kopo langu chini, tupu, nikasema, "Twendeni."

Walinyanyuka mmoja mmoja. Klemensi alikuwa ameshajaziwa. Alilitazama kopo lake, akanitazama mie, akamtazama Mama Muuza, ambaye kwa miaka yote alikuwa anamjazia mpaka ukingoni. Kisha akaliweka benchini, bila kulinywa, akanifuata. Hakutaka. Nilijua hakutaka. Lakini alikuwa rafiki yangu, nami nilikuwa nimeshatoka getini.

Tulidhani atashusha bei wiki ijayo. Hakushusha. Wiki mbili tatu baadaye nikasikia amebaki na wateja watano, kisha watatu, na kwamba mbege nyingine anaimwaga. Kiburi changu kiliniambia bado kidogo atarudi chini. Miezi ikapita.

Mie nilihamia kwenye bia ya chupa pale kituoni, mbili kwa wiki, na nilijisikia nimepanda daraja. Klemensi hakuwa na uwezo huo. Vinyago vilikuwa havinunuliwi. Wageni walipita wanashika, wanapiga picha, wanarudisha mezani. Akaanza kwenda bondeni, kwenye kibanda kinachouza ile pombe kali nyeupe kama maji, kibakuli mia tano. Niliingia mle naye mara mbili. Mara ya pili kichwa kiliniuma siku mbili nzima, nikamwambia, "Klemensi, hii kitu acha."

"Nikanywe nini?" akaniuliza. "Kule umetutoa."

Alisema kwa utani. Tulicheka wote.

Ilikuwa siku ya Jumatatu mkewe aliponipigia simu. Klemensi aliamka akauliza kwa nini hawajafungua madirisha, na madirisha yalikuwa wazi. Watu wawili wengine waliokunywa naye Jumapili walikuwa wameshakufa. Hospitali walimwokoa roho, macho hawakuyaweza. Nilipokwenda kumwona alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya mapaja, vidole vinachezacheza kama anasugua kitu. Miaka arobaini ile mikono ilikuwa inaona pamoja na macho. Nilimwamkia, akageuza sikio upande wangu.  Nikamwambia bei ya mpingo imeshuka. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Siku zilezile ndipo alipotokea bwana wa Masaki kwa Mama Muuza. Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, amezaliwa hapahapa Kimara, amesoma nje, amefungua baa kule upande wa baharini. Alikuja na pikapu safi. Alionja kopo moja, akaomba la pili, kisha akasema atachukua yote, kila Jumamosi, elfu tatu kwa lita. Mama Muuza alidhani amesikia vibaya. Aliwaambia jirani zake kwamba hatimaye amempata mtu anayejua pombe.

Klemensi aliporudi nyumbani kutoka hospitali, Mama Muuza alimtembelea. Hii nimesimuliwa na mkewe Klemensi, aliyekuwepo. Ilikuwa Jumamosi mchana. Alimletea ndizi za kuchoma na nyama kidogo, akamlisha mwenyewe, kipande kwa kipande, na hakumwambia amekonda. Klemensi alipomaliza kula akasema, "Mama, leo nimekula. Niletee kopo."

 Pikapu lilikuwa limepita asubuhi ile. Lilikuwa limekomba mapipa yote, mpaka ndoo aliyozoea kubakiza.

"Wiki ijayo," akamwambia. "Jumamosi ijayo nakuletea mwenyewe, la kwanza kabisa."

Alhamisi kaka zake Klemensi wakaja kutoka Newala wakamchukua. Walisema mjini hana tena kazi. Jumamosi Mama Muuza alifika na kidumu cha lita tano amekishika kwa mikono miwili, akakuta chumba kinafagiliwa na mpangaji mpya. Mke wa Klemensi alikuwa amebaki siku mbili kumalizia mizigo. Anasema Mama Muuza alikaa juu ya begi, akakipakata kile kidumu, na hakulia wala hakuondoka mpaka jioni. Haikupita miezi minne tukapata taarifa ya msiba wa Klemensi. Mie nilituma rambirambi kwa simu.

Naja kwenye jambo langu mwenyewe.

Meneja wetu alihamishwa, tukaambiwa wafanyakazi wote tutakwenda kumuaga Masaki, Ijumaa baada ya kazi, na kila mtu atajilipia. Sikuwahi kufika sehemu ya namna ile. Viti vya mbao zilizosuguliwa, mimea inaning'inia, bahari inaonekana ng'ambo ya ukuta. Menyu ilikuwa ubao mkubwa ukutani. Mwenzetu mmoja wa mauzo, kijana mjanjamjanja, akatuelekeza.

"Hapa msinywe bia za kawaida, mtaonekana washamba. Kuna hii wanaita krafti. Inapikwa kwa mkono, kidogokidogo, ndizi na ulezi. Wazungu wanaipangia foleni."

Bei ilikuwa elfu kumi na mbili glasi moja. Glasi yenyewe ndogo, ina mguu, haifiki hata theluthi ya kopo. Kijana wa mauzo alisema mwaka jana ilikuwa elfu nane, imepandishwa kwa awamu mbili, na watu ndiyo kwanza wanaongezeka. Meneja akaagiza. Wote wakaagiza. Nikaagiza na mie.

Ililetwa imepoa, imechujwa mpaka unaona ng'ambo, ina povu. Nikanywa funda moja. Wenzangu wakasema nzuri, nzuri sana. Nikameza. Na nyuma ya ulimi, taratibu, ukaja ule uchungu, ukakaa.

Niliweka glasi mezani. Nilimwita mhudumu, nikamuuliza hii inapikwa wapi. Akainama kwa adabu akasema, "Kuna mama mmoja Kimara huko ndani, mzee, bosi ndiye anayemjua. Ni mapishi ya asili kabisa."

"Umeisikia hiyo?" kijana wa mauzo akasema. "Ndiyo maana ya bei."

Niliimaliza. Meneja alipoagiza mzunguko wa pili niliagiza tena, kwa sababu wote waliagiza. Elfu ishirini na nne. Nililipa kwa simu, nikabonyeza namba za siri mbele yao kwa haraka, kama mtu aliyezoea. Kwenye basi la kurudi Kimara nilikaa dirishani na ule uchungu ulikuwa bado upo, au mie ndiye niliyekuwa nautafuta.

Ningemwendea kesho yake. Sikwenda. Nilijiambia nitakwenda mwisho wa mwezi, kisha baada ya Pasaka, kisha Neema alikuwa anafanya mtihani. Ilipita karibu mwaka. Kilichonipeleka ni muuza mihogo, niliyekutana naye kituoni akiwa amehamishia meza yake huko.

"Kule hakuna tena watu," akaniambia. "Mama hapiki."

Nilipanda kilima Jumamosi ya wiki hiyohiyo, asubuhi, jua tayari kali. Geti lilikuwa wazi. Benchi zimeondolewa, uwanja umeota majani mpaka kwenye mafiga. Mama Muuza alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanga mabegani, amepungua mwili kiasi kwamba kwanza nilidhani ni dada yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alinitazama. "Baba Neema. Umezeeka."

Nikakaa chini kwenye kizingiti. Nilimuuliza habari za kazi. Alinijibu bila kuzungusha maneno. Bwana wa Masaki alikuwa amekuja kukaa naye pale uwanjani miezi miwili mizima, kila siku, anaangalia, anauliza, anaandika. Ndizi ziive kiasi gani, ulezi ulale siku ngapi, magome kiganja au kiganja na nusu. Yeye akamwonyesha kila kitu. Hakuwa amewahi kupata mtu anayeuliza.

"Nilidhani anapenda kazi," akasema.

Kisha akanunua mitambo, akaajiri mpishi aliyesomea, na pikapu halikuja tena. Mama Muuza alijaribu kurudi kwa watu wa hapa. Alipika mapipa mawili, akafungua geti, akakaa. Walikuja wawili. Wakasema hawakujua kama bado anapikia maskini.

Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nikamwambia tu, "Mama, mie niliinywa. Ile yako. Kule Masaki."

Hakushtuka. Aliuliza, "Ilikuwaje?"

"Baridi sana. Wameichuja. Lakini ni yenyewe."

"Uchungu ulikuja mwisho?"

"Ulikuja mwisho."

Akaitikia kwa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake umelegea kidogo. Kisha akauliza bei. Niliona kutokana na namna alivyouliza kwamba hajui, hajawahi kuambiwa, pengine anadhani ni elfu nne, elfu tano. Ningeweza kumdanganya. Nilitaka kumdanganya.

"Elfu kumi na mbili, Mama. Glasi, tena ndogo."

Kuku wa jirani alikuwa anaparura kwenye majivu. Mama Muuza alimtazama yule kuku muda mrefu.

"Ukalipa?"

"Nililipa."

"Ulibishana nao?"

"Sikubishana."

"Ukanywa moja?"

"Mbili."

Nilisubiri anitukane. Miaka kumi na minne alikuwa na mdomo kwa kila mtu, nami siku ile nilikuwa nimemletea mgongo wangu auchape.  Alijifunika kanga vizuri ingawa hakukuwa na baridi. Nikaanza kusema kuhusu Klemensi, kwamba mie ndiye niliyemwambia atoke, kwamba alikuwa ameshajaziwa. Alinyanyua mkono, kiganja kimenielekea.

Getini ukasikika mlio wa pikipiki ya magurudumu matatu. Akaingia jamaa mmoja anayeuza maji mitaani, kofia kichwani, akasalimia huku anayakagua mapipa ya bluu yaliyopangwa ukutani. Yalikuwa sita. Aliyagonga kwa vidole, akayainua akachungulia ndani.

"Yana harufu, Mama," akasema. "Itabidi niyaloweke wiki nzima. Nitakupa elfu nane kila moja."

Dukani pipa la aina ile hulipati kwa elfu arobaini.

"Chukua," akasema Mama Muuza.

Nilisimama. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Ongeza, bwana! Mapipa mazima haya, hayana hata ufa. Huoni haya? Elfu nane?"

Muuza maji alinigeukia, akanitazama kuanzia viatuni. "Kwani braza, wewe ni nani wake?"

 Nilimtazama Mama Muuza anisaidie.

"Alikuwa mteja," akamwambia yule mtu, akanyanyuka kutoka kwenye ndoo, akalilaza pipa la kwanza ubavu, akaanza kulibingirisha kuelekea getini.